Uliza aina ya kitu, si jina lake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie jambo linalotuhusu sisi wachoraji wa ramani za nyumba. Huenda likaonekana dogo kwa asiyekaa mbele ya kompyuta kutwa nzima, lakini linawatoa vijana wetu wengi pesa mfukoni. Hapa Kisumu, kama ilivyo Nakuru na Kakamega, vijana hutumia programu ya SketchUp kujenga nyumba kwenye skrini kabla fundi hajachimba msingi, na walio wepesi zaidi huandika skripti fupi, yaani maagizo kwa kompyuta, kwa lugha ya Ruby ili kompyuta iwahesabie madirisha au iwapimie eneo la paa la kuezeka mabati. Skripti ikichelewa, kompyuta ndiyo hulaumiwa. Juzi kijana mmoja, jirani yangu huku Kondele, alikuwa tayari kukopa kwenye chama ili anunue mashine mpya, kwa sababu skripti yake ya kupima paa ilikuwa ikimwacha akitazama skrini iliyoganda hadi chai ikapoa.

Nilimwomba anionyeshe hiyo skripti kabla hajamwendea mweka hazina. Haikuzidi mistari ishirini, na kosa lilikuwa juu kabisa: kwa kila kitu kilichomo kwenye mchoro, skripti ilikuwa ikiita typename, kisha inalinganisha jibu na neno "Face". Kwa maneno mengine, ilikuwa ikimsimamisha kila mmoja na kumwambia ataje jina la aina yake, herufi kwa herufi, ndipo ijue kama ni uso au si uso.

Msomaji aelewe kwamba katika SketchUp mchoro wote ni mkusanyiko wa vitu vya aina mbalimbali: kuna nyuso, ambazo ndizo bapa za kuta na paa, kuna mistari inayozizunguka, kuna makundi, yaani vitu vilivyofungwa pamoja, na kuna vijenzi, yaani vitu kama dirisha au mlango vinavyochorwa mara moja na kurudiwa popote. Nyumba ya vyumba vitatu yenyewe haina vitu vingi. Lakini mteja hutaka aone sebule ikiwa na viti, mchoraji hupakua kochi kutoka mtandaoni, na kochi hilo moja, kwa mikunjo ya mito yake, huweza kuja na mistari mingi kuliko nyumba nzima. (Mimi makochi hayo huyaondoa kwanza kabla ya kuhesabu chochote.) Hapo ndipo swali linaloulizwa kila kitu, hata likiwa la gharama ndogo, linapogeuka mzigo.

Gharama yenyewe inatoka wapi? Jibu la typename ni maandishi. Kila inapoitwa, Ruby hupewa mfuatano mpya wa herufi unaowekwa kwenye kumbukumbu, unalinganishwa na neno ulilolitaja, halafu unatupwa, na takataka hizo zote lazima baadaye zifagiliwe. Njia ya is_a? haifanyi hivyo. Yenyewe hutazama kitu ni cha aina gani moja kwa moja, au kama aina yake imezaliwa na ile uliyoitaja, na kujibu ndiyo au siyo bila kuandika neno lolote jipya. Ni sawa na walinzi wawili wa lango la shule. Mmoja humsimamisha kila mtoto aandike jina na shule yake kwenye daftari, na mwingine huangalia sare tu watoto wakiingia. Hata kikaguzi cha msimbo ambacho watu wa SketchUp wenyewe wamekitoa, kiitwacho rubocop-sketchup, humkemea anayetumia typename na kumwelekeza kwenye is_a?.

Kwa yule kijana tulifanya zaidi ya hapo. Shida yake haikuwa kukagua kitu kimoja, bali kuzichambua nyuso kutoka kwenye rundo zima, na kazi hiyo Ruby ina chombo chake kiitwacho grep. Tulifuta mistari mitano tukaandika mmoja: entities.grep(Sketchup::Face). Huo (entities ndilo lile rundo la vitu) unarudisha orodha ya nyuso peke yake, na kila kitu kingine hakiguswi tena. Alipobonyeza, jibu lilitoka kabla hajainua mkono kwenye kibodi, akanitazama kana kwamba nimemfanyia kiini macho. Mahali ambapo skripti inatakiwa kutenda tofauti kwa uso, kundi na kijenzi, mpangilio wa case na when hufanya kazi hiyo kwa usafi, kwa kuwa Ruby hapo pia hulinganisha kwa aina na haihitaji maandishi yoyote.

Hata hivyo, Bwana Mhariri, kasi siyo sababu kubwa zaidi iliyonifanya nishike kalamu. Sababu kubwa niliipata kwa hasara yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliandika skripti ya kuhesabu madirisha ya nyumba moja ya Mamboleo ili fundi wa grili pale Kibuye aanze kukata vyuma. Baadhi ya madirisha nilikuwa nimeyachora kama makundi na mengine kama vijenzi. Jina la aina ya vijenzi ni ComponentInstance, lakini katika kulinganisha maandishi niliandika "Componentinstance", i ndogo mahali penye I kubwa. Kompyuta haikulalamika. Kwa nini ilalamike? Niliuliza kama neno hili ni sawa na lile, ikajibu siyo, tena siyo, mpaka mwisho wa mchoro. Fundi akapokea hesabu ya madirisha sita kwa nyumba yenye madirisha kumi na manne, na mwenye nyumba ndiye aliyegundua, akiwa na tepu mkononi. Ningeandika Sketchup::Componentinstance, yaani jina la aina yenyewe bila alama za nukuu, Ruby ingesimama papo hapo na kuniambia kwamba haijui aina hiyo. Kosa la herufi moja lingeishia mezani kwangu.

Nasikia wakufunzi wengine wakisema kwamba Ruby, tangu Yukihiro Matsumoto alipoitoa Japani mwaka 1995, ni lugha isiyojali kitu ni nani ila kinaweza kufanya nini, na kwamba kuuliza aina ni kwenda kinyume na roho yake. Kwa skripti nyingi nakubaliana nao. Katika mchoro wa jengo, lakini, tofauti ya kundi na kijenzi ina maana yake: ukibadilisha kijenzi kimoja cha dirisha, ndugu zake wote hubadilika pamoja naye. Mwenye kuandika skripti ya kurekebisha madirisha bila kujua ameshika kipi atajionea mwenyewe.

Kwa nini basi typename haifi? Kwa maoni yangu ni kwa sababu mifano mingi inayosambazwa katika vyuo vyetu ilinakiliwa kutoka skripti za zamani, za wakati SketchUp ikiwa mikononi mwa Google, kabla kampuni ya Trimble haijainunua mwaka 2012. Mwalimu aliinakili kwa mwalimu wake, mwanafunzi akainakili ubaoni, na kwa kuwa mchoro wa mazoezi ni kibanda cha kuta nne, hakuna aliyeona kuchelewa kokote. Simlaumu mtu. Kwenye kibanda cha kuta nne njia zote mbili huisha kabla ya kupepesa jicho, na anayebishana juu ya hilo anapoteza muda wake. Ubishi huanza pale mchoro unapokuwa wa mtaa mzima wa nyumba, au pale kochi linapoingia.

Nawaomba wakufunzi wanaosoma ukurasa huu wafungue maandalio yao, watafute neno typename, na walibadilishe popote lilipo. Nawatahadharisha tu wasiruhusu kompyuta ibadilishe yote kwa mkupuo. Kuna aina zilizozaliwa na nyingine: tao katika SketchUp ni mtoto wa mkunjo, kwa hiyo anayemuuliza is_a? kuhusu Sketchup::Curve atapewa na matao pia, ilhali ulinganishaji wa zamani wa neno "Curve" uliyaacha nje. Anayetaka mikunjo isiyo matao atumie instance_of?, ambayo hukubali aina yenyewe tu na kuwakataa watoto wake. Mwenye madirisha ya tao kwenye mchoro wake apitie kila mstari kwa macho yake, kisha ahesabu madirisha kwa kidole, mara hiyo moja, alinganishe na jibu la skripti kabla ya kumpigia simu fundi wa grili.

Mchoraji wa ramani za nyumba,
Kondele, Kisumu