Zawadi ya siri mlangoni inahitaji kwanza majirani wanaojuana

Kwa Mhariri,

Kila Oktoba inapokaribia kwisha, vikundi vya WhatsApp vya mitaa yenye malango hapa Nairobi hurudia ubishi ule ule kuhusu Halloween, hawa wakisema ni ibada ya shetani na wale wakisema ni mchezo wa watoto tu. Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie sehemu moja tu ya sherehe hiyo, ambayo baadhi ya wazazi mtaani kwetu wanapendekeza tuianze mwaka huu, nayo ni desturi ya kumwachia jirani vitu vitamu mlangoni kwa siri.

Nchini Marekani, siku au wiki chache kabla ya tarehe 31 Oktoba, familia hujaza kijikapu peremende na vichezeo, hukiweka jioni mlangoni pa jirani, hubonyeza kengele na kutimua mbio. Ndani yake huwa mna barua inayomwomba mpokeaji atundike picha ya mzimu mlangoni, ili asiletewe mara ya pili, kisha naye awapelekee majirani wawili katika siku moja au mbili zinazofuata. Nyumba moja huzaa mbili, mbili zikazaa nne, hata mtaa ukaenea zawadi pasipo mtu kujua nani aliyeanza.

Wanaoipinga kwa ajili ya imani yao nawaheshimu, ila wakumbuke kwamba tarehe 31 Oktoba ni mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, na kwamba Uingereza ya zamani watoto na maskini walipita nyumba kwa nyumba siku hizo wakipewa vikeki ili wawaombee marehemu. Tena kuacha zawadi na kukimbia si mali ya Halloween peke yake. Wamarekani walikuwa wakiacha vikapu vya maua milangoni tarehe 1 Mei, na katika eneo la Norfolk, Uingereza, mkesha wa Valentino humleta Jack Valentine, ambaye hubisha hodi, huacha zawadi na kutoweka. Asiyetaka mizimu anaweza basi kuchagua siku nyingine, hata ya Desemba.

Shaka yangu iko kwenye ile siri. Katika jiji ambalo kila mzazi humwonya mtoto asipokee kitu kwa mtu asiyemjua, na ambapo habari za watu kuwekewa "mchele", yaani dawa za kulewesha, katika vinywaji hazijapoa, mama akikuta chokoleti isiyo na mwenyewe mlangoni ataitupa, wala sitamlaumu. Kule desturi hii inakostawi, nadhani siri yenyewe ni nyembamba: mpokeaji hutambua mwandiko, au husikia vicheko vya watoto nyuma ya ua, akajua ni nyumba gani. Sisi tunaishi ukuta kwa ukuta kwa miaka mingi, na jirani tunamtambua kwa nambari ya gari lake, hasa akiwa ameliegesha mahali petu.

Huenda mtu akanijibu kwamba dini zetu zinasifu kutoa kwa siri, na ni kweli. Mathayo sura ya 6 inaagiza mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kulia, na hadithi mashuhuri ya Mtume inamtaja mwenye kuficha sadaka yake miongoni mwa watu saba watakaopata kivuli cha Mwenyezi Mungu. Lakini hiyo ni sadaka, ambayo hufichwa ili mtoaji asijivune na mhitaji asifedheheke. Baina ya majirani walio sawa, desturi yetu imekuwa kutoa kwa jina. Wakati wa Ramadhani huko Pumwani na Eastleigh, mtoto hutumwa na sahani ya futari iliyofunikwa, aseme imetoka kwa mama fulani, na sahani hiyo aghalabu hairudi tupu. Kwa njia hiyo hiyo chapati na pilau za Krismasi hupita kutoka nyumba hadi nyumba, na mlaji anajua amshukuru nani.

Kwa hiyo napendekeza mwaka huu wa kwanza kila kijikapu kiwe na jina na nambari ya nyumba, na siri ingojee hadi tutakapokuwa tumejuana. Vilivyomo viwe katika pakiti zisizofunguliwa, na karanga na kashata ziachwe, kwa kuwa wapo watoto wenye mzio wa karanga. Barua nayo iseme wazi kwamba kuendeleza ni hiari. Mwisho wa mwezi kodi ya nyumba inasubiri, na vijikapu viwili ni gharama ambayo si kila mmoja angependa kuikataa mbele ya majirani.

Walinzi wa lango pia waarifiwe mapema, maana watoto wanaokimbia kutoka milangoni gizani ndio hasa walioajiriwa kuwasimamisha, na vijikapu vyao vitengwe kabla ya vingine. Haya nitayafikisha kwa kamati ya wakazi kabla ya mwezi kwisha. Wasomaji wa mitaa mingine waliokwisha kuijaribu desturi hii nawaomba waandike katika ukurasa huu waeleze walivyofanya, hasa katika majengo ya ghorofa, ambako milango inatazamana na hakuna pa kukimbilia.

Wako,
Mkazi wa Donholm,
Nairobi