Shukrani kwa fundi aliyetoboa ukuta wa jiko la mama, Makete

Kaka fundi, jina lako hatukulishika na namba uliyomwachia mama haipatikani. Aliyekufahamu akufikishie salamu hizi.

Ulikuja kumpaulia jirani, ukaingia kwetu kuomba maji ya kunywa, ukamkuta mama anapuliza kuni mbichi huku machozi yanamchuruzika. Wengine husema pole na kupita. Wewe ulirudi jioni na tindo. Ulitoboa matundu juu, chini kidogo ya paa, na jingine karibu na sakafu, ukimweleza kwamba moshi wa moto hupanda, basi utokee juu na hewa safi iingilie chini. Kisha ukajenga dohani ya matofali, ukaipandisha hadi juu ya bati upepo usije ukaurudisha moshi ndani. Hela ulikataa katakata!

Lakini kubwa kwangu ni lile la mkaa. Baridi ya huku mwezi wa Julai mnaijua. Watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Ulimkataza mama, ukamwambia mkaa uliokolea hautoi moshi lakini hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu usingizini. Mimi nilimwambia hayohayo miaka yote, hakunisikia. Wewe amekusikia, na blanketi la pili kanunua.

Kikohozi cha alfajiri kimepungua sana. Ukipita tena Makete, gunia lako la viazi lipo.