Kaunti zipime pia uhai wa udongo

Mhariri,

Masika yakikaribia, gumzo lote huku kwetu Vihiga huwa ni mbolea: imefika ghala gani, nani amepata ujumbe kwenye simu na nani bado. Sina ugomvi na hilo. Tangu bei ya gunia la ruzuku ishuke hadi shilingi 2,500 mwaka 2023, wapo waliokuwa wakipanda mikono mitupu ambao sasa wana cha kutia shimoni. Ninalolalamikia ni karatasi ya majibu ambayo mkulima hupewa udongo wake ukipimwa. Imeandikwa asidi, nitrojeni, fosforasi, potasiamu, basi. Hakuna hata mstari mmoja unaomwambia kama udongo huo una viumbe hai ndani yake.

Anayetaka kujua ninachosema achukue jembe aende penye migomba nyuma ya jikoni, pale maganda na majani hutupwa. Achimbe bonge moja alivunje juu ya gunia jeupe. Atakuta nyungunyungu wakijikunja, pengine na jongoo, na akiinama vizuri ataona vidudu vyeupe vya milimita moja au mbili vinavyoruka vikiguswa. Wataalamu huviita kolembola. Wamo pia utitiri wa udongoni, wadogo zaidi, ambao macho huwaona kwa shida. Kisha asogee hatua chache hadi katikati ya mahindi, achimbe tena. Katika mashamba mengi niliyochimba, bonge la pili limeshikana, limepauka, na utalivunja lote usipate nyungunyungu hata mmoja. Boma ni lile lile na mvua ni ile ile.

Viumbe hawa wana kazi. Kolembola na utitiri hula ukungu na majani yanayooza, huyavunjavunja ili bakteria wayamalizie, na hapo ndipo virutubisho hurudi kwenye mizizi. Nyungunyungu hupitisha udongo tumboni na kuutoa ukiwa na rutuba zaidi, na vijia anavyochimba ndivyo maji ya mvua hushukia. Wale wadogo hawawezi kujichimbia. Huishi katika nafasi zilizo kati ya chembe za udongo, na ng'ombe au trekta ikiukanyaga udongo ungali mbichi, nafasi hizo huzibwa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2020 kwamba zaidi ya robo ya aina za viumbe duniani huishi udongoni. Hiyo ni mali tuliyonayo chini ya miguu, na tunaiteketeza.

Nasema tunaiteketeza kwa sababu kila baada ya mavuno moshi wa mabua hutanda vijijini, na kule kwenye miwa, Muhoroni hadi Mumias, moto huwashwa kabla hata ya kukata. Chakula cha vidudu kimeisha, kivuli chao kimeisha. Udongo ulioachwa wazi, jua la saa nane huupasha joto hadi kupita nyuzi 40, na kiumbe anayepumua kwa ngozi yenye unyevu, kama nyungunyungu, hana pa kukimbilia isipokuwa chini sana. Juu ya hapo kuna DAP, mbolea ya kupandia. Amonia iliyomo, bakteria wakiigeuza kuwa naitreti, huacha asidi nyuma yake, na sisi tumeimwaga msimu baada ya msimu kwa miaka mingi bila chokaa ya kuituliza asidi hiyo.

Mchwa nao tunawaonea. Watu wale wale wanaokinga kumbikumbi kwa furaha mvua za kwanza zikinyesha ndio wanaomwaga dawa kwenye kichuguu mahindi yakianza kuanguka. Lakini mchwa wengi hupendelea vitu vilivyokauka. Ukishachoma mabua na kufagia kila jani, umemwachia nini isipokuwa shina la mahindi yanayokomaa? Dawa hiyo nayo haimchagui mchwa peke yake. Huua na kolembola, na vijia vya mchwa vilivyokuwa vikinywesha shamba huporomoka.

Na hali ya hewa haitungoji. Mvua huchelewa, kisha humwagika yote kwa wiki chache, kama tulivyoona mwaka 2024 huko Nyando na Budalang'i. Udongo usio na vijia hufanya ukoko juu, maji hayazami, yanakimbia. Makorongo ya Katuk Odeyo kule Nyakach yana sababu nyingi, ila udongo uliokufa haujawahi kuzuia korongo.

Najua mabua hayo ni chakula cha ng'ombe wa zizini na kuni za mama asiye na gesi. Wengi wetu hatufikishi hata ekari moja. Basi samadi irudi shambani badala ya kuuzwa, na yanayobaki yatandazwe. Desmodiamu inayopandwa kati ya mistari ya mahindi, katika mbinu ya vuta-sukuma iliyotoka Mbita kwa watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, huzuia gugu la kayongo na kufunika udongo kwa wakati mmoja. Tena ng'ombe huila.

Viongozi wa Afrika walikutana Nairobi Mei 2024 kuzungumzia mbolea na afya ya udongo. Mbolea imefika kijijini. Hiyo afya bado. Naomba idara za kilimo za Vihiga, Kakamega, Kisumu na Siaya ziamuru mambo mawili kabla ya masika yajayo. Kwanza, kila ghala la mbolea ya ruzuku liuze na chokaa, maana mawe yake yanachimbwa hapa hapa Koru. Pili, kila afisa wa ugani achukuaye sampuli ya udongo achimbe shimo moja la sentimita 20 kila upande, ahesabu nyungunyungu mbele ya mwenye shamba, na idadi iandikwe kwenye karatasi ile ile ya majibu. Klabu za kilimo za 4K shuleni zinaweza kusaidia kwa wale wadogo: chupa ya plastiki iliyokatwa na kupinduliwa kama faneli, kipande cha wavu, udongo juu yake, taa juu kabisa na spiriti kidogo chini. Vidudu hukimbia joto na kuangukia humo, na mtoto huvihesabu kwa kioo cha kukuzia.

Mkulima na mwalimu mstaafu,
Luanda, Vihiga