Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Jumuiya Yetu ya Kriketi, Unguja

Wanachama watukufu, Assalaamu alaykum.

Mechi mnazijua, sitozirefusha. Tulicheza 11, tukashinda 6, mbili zikaharibiwa na masika. Mnazi Mmoja tuliutumia kila ulipokuwa wazi, Ramadhani tulipumzika kama ada, safari ya Pemba ilikwenda salama. Mkeka wa kuchezea ulichanika, umeshonwa.

Wanachama ni 58, waliolipa ada ya shilingi 30,000 ni 21. Ada 630,000, michango 1,150,000, matumizi 1,705,000, baki 75,000. Mkutano uliopita tulihudhuria watu 13, wakiwemo watoto wawili waliofuata halua. Lakini barazani, kwenye kahawa, kila mtu ni mwenyekiti.

Nije kwenye jambo lililozusha maneno. Mwezi wa Machi nilipendekeza, na wazo hili ni langu, iandikwe hivyo, tumpe kijana wetu anayesoma sayansi ya data pale Bweleo, kwenye tawi la IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, lililofunguliwa 2023, kazi ya kuandika kila mpira unaorushwa. Kamati ilikubali. Kutokana na jedwali lake nikamtoa kaka yetu mkubwa kwenye nafasi ya mpigaji wa kwanza, nikamweka wa nne. Nikaambiwa nimemvunjia heshima mtu mzima na kwamba timu sasa inaendeshwa na kompyuta.

Jedwali nililiona kwa macho yangu. Katika ova 6 za mwanzo (ova moja ni mipira 6), wakati wapinzani wanaruhusiwa walinzi wawili tu nje ya duara la katikati ya uwanja, mipira 23 kati ya 36 haikutuzalia hata mkimbio mmoja, yaani alama moja. Huo ndio wakati wa kuvuna! Halafu kijana akanionesha ova za katikati, wanapoingia warushaji wa mpira wa polepole unaozunguka. Hapo kaka yetu hana mpinzani, anapiga goti na kuufagia mpira mpaka mpakani. Sasa nimemdhalilisha, au nimemuweka panapomfaa?

Wazee wetu wanasema mpigaji mzuri ni yule asiyetolewa. Ni kweli kwa mechi ya siku tano, ambako mipira ni mingi na kilicho adimu ni wiketi, yaani wapigaji wasiotolewa bado. Mechi ya ova 20 ina mipira 120 kwa wiketi 10, yaani wastani wa mipira 12 kwa kila wiketi. Hapa kilicho adimu ni mpira. Anayetumia mipira 40 kupata mikimbio 28 anarudi hajatolewa na makofi anapigiwa, ilhali amekula theluthi ya mali ya timu.

Hesabu hii sikuitunga mimi. Kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia 1992, Sydney, Afrika Kusini ilihitaji mikimbio 22 kwa mipira 13 dhidi ya Uingereza. Ikanyesha mvua kidogo, waliporudi, kwa kanuni ya wakati huo, ukabaki mpira mmoja. Baadaye wanatakwimu wawili Waingereza, Duckworth na Lewis, wakatunga kanuni ya mechi zinazokatizwa na mvua, inayohesabu ova na wiketi zilizobaki kuwa ni rasilimali. Ilianza kutumika 1997. Na ligi ya India, IPL, tangu 2008 wachezaji hununuliwa kwa mnada na kila timu ina kikomo cha matumizi. Mwaka 2022 haki za matangazo za misimu mitano ziliuzwa kwa zaidi ya dola bilioni 6. Kwa fedha hizo hakuna anayenunua mchezaji kwa kuwa wamekua naye mtaa mmoja.

Kati ya ushindi wetu 6, minne imekuja baada ya mabadiliko. Wanaosema ni bahati wakumbuke kwamba kabla yake bahati ya kiasi hicho hatukuiona. Kishikio cha simu na vifurushi vya intaneti vya kazi ya kijana viligharimu 180,000, risiti anazo mhazini. Na kaka yetu amesharudi mazoezini, ingawa mkono bado hanipi.

Mwakani, inshaallah, tunatarajia mkeka mpya, skuli mbili tatu za kufundisha, na pengine timu ya wasichana, hali ikiruhusu.

Mhazini atakaa mlangoni na daftari lake baada ya sala ya Alasiri. Asiyelipa ada hatopiga kura, hata kama ana hoja nzuri.

Mwenyekiti