Pembeni ni wapi, Mhariri?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Nimelisoma miaka mingi, na kila liliponiudhi nililifungia maandazi nikanyamaza. Lakini ile habari yenu ya ajali ya wiki iliyopita, yenye picha ya baiskeli iliyokunjwa ringi kama chapati, imegoma kushuka kooni. Mwandishi wenu anasema mwendesha baiskeli "aliingia barabarani ghafla". Hilo neno ghafla amelitumia mara tatu. Nimelizungushia kalamu nyekundu, mazoea ya kazi hayafi. Halafu akamalizia kwa maneno ya dereva mmoja anayetushauri sisi watu wa baiskeli tujifunze kukaa pembeni.

Sasa nauliza: pembeni ni wapi?

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, mkazi wa Mpunguzi, nje ya mji wa Dodoma, na nina kishamba cha zabibu kisichofika ekari. Barabara ya Iringa nimeiendesha tangu ikiwa vumbi tupu, hujui kama kinachokuja mbele ni lori au kimbunga. Ilipowekwa lami tulishangilia, na mimi nilishangilia kwa sauti kuliko wengi. Ndiyo barabara ile ile wanayosema inatoka Cape Town inakwenda Cairo. Mimi naomba inifikishe soko la Majengo, hapo mjini Dodoma, tu.

Wanaosema "pembeni" wanadhani kushoto kwa ule mstari mweupe kuna uwanda tuliotandikiwa mkeka. Haya, nifuateni. Pembeni kuna rundo la kokoto la mtu anayejenga, limekaa hapo tangu kabla ya mvua, na mvua imelisambaza vizuri kama mtu anayekausha mtama. Pembeni kuna kijiwe cha bodaboda, pikipiki kumi na mbili zimepangwa matako barabarani. Pembeni kuna mama wa nyanya, ambaye simlaumu, kwa sababu naye alifukuzwa kutoka pembeni nyingine. Lori likiharibika, utingo anakata matawi anayapanga njiani na mawe makubwa ya kuzuia tairi. Lori likipona linaondoka, matawi na mawe yanabaki pembeni kuwa urithi wetu. Kuna mchanga uliokusanywa na upepo, ambao tairi jembamba likiingia halitoki. Kuna mbigili, na asiyezijua mbigili za Dodoma ashukuru Mungu wake. Kuna hata miche ya ile kampeni ya kupanda miti, Dodoma ya kijani, jambo jema kabisa, ila kila mche umezungushiwa miiba ili mbuzi wasiule, na miiba ikikauka inaangukia wapi? Jibu mnalo. Mwaka huu tyubu yangu ya nyuma ina viraka tisa. Fundi amesema ya kumi atanibandikia bure.

Basi mtu anapotoka nje ya hayo yote kwa futi mbili ili aweze kupita, hiyo ndiyo ghafla yenu.

Kuna ghafla nyingine ambayo hata madereva wenye nia njema hawaijui, na nitaieleza polepole kwa sababu niliifundisha bila kujua kwamba siku moja nitaitegemea kwa uhai wangu. Kiangazi upepo wetu unavuma kutoka mashariki na kusini-mashariki. Ukitoka Mpunguzi kwenda mjini unakupiga ubavu wa kulia. Ili usitupwe mtaroni unajilaza kidogo kulia, unauegemea upepo kama mtu anavyoegemea ukuta. Sasa basi linakuja kukupita upande huo huo. Linaukinga upepo. Ukuta wako umeondolewa na wewe bado umeegemea! Unayumba kulia, kuelekea kwenye basi, si mtaroni. Kabla hujajinyoosha basi limeshapita, upepo unarudi na hasira zake na kukusukuma kushoto. Dereva akitazama kioo anaona mzee anacheza sindimba juu ya baiskeli, anamwambia konda wake, "Huyu katoka kilabuni." Kinga ya kuyumba huko si kofia wala koti la kung'aa, ingawa koti ninalo. Kinga ni nafasi. Ufaransa sheria inamtaka dereva anayempita mtu wa baiskeli nje ya mji aache mita moja na nusu. Hapa kwetu natosheka nikiona dereva ameacha upana wa mlango wa choo.

Septemba iliyopita, katika mavuno ya pili, nilifunga ndoo mbili za zabibu kwenye keria, nikazikaza kwa mpira wa tyubu, nikaondoka saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijazichemsha. Nilipokaribia Bihawana nikasikia nyuma yangu honi ya kosta, ile inayopigwa kwa wimbo. Kosta ikanipita, mara ikasimama. Ndiyo desturi yao: wanakuovateki kwa mbwembwe zote za dunia ili wafike mita kumi mbele yako wapakie abiria mmoja mwenye kuku. Indiketa haikuwaka. Kulia kwangu ubavu wa kosta, kushoto rundo la kokoto, na mbele yangu, kwenye hilo hilo pembeni mnalonisifia, pikipiki inanijia uso kwa uso imebeba magunia mawili ya mkaa. Kijana akapaza sauti: "Shikamoo mwalimu!" Nilimfundisha kidato cha pili, somo la vekta, yaani mwelekeo, halikumwingia hata siku moja, na leo nimepata ushahidi. Nikaitikia marahaba nikiwa tayari mtaroni.

Ndoo moja ilimwagika yote. Ya pili nusu. Mbuzi walijua kabla yangu. Konda akachungulia mlangoni, hakuuliza kama nimevunjika, akasema, "Mzee, si ukae pembeni!" Mhariri, nilikuwa nimekaa mtaroni. Ningekaa pembeni zaidi ya hapo ningekuwa ndani ya shamba la mtu. Bibi mmoja aliyekuwa akichota maji ndiye aliyeweka ndoo yake chini, akanipa pole na kunisaidia kuokota; nilipompa kishada akakataa, akasema niwapelekee wajukuu. Kosta iliondoka na wimbo wake. Siku hiyo hakuna gazeti lililoandika kwamba kosta ilisimama ghafla.

Naona niseme na la hao wakubwa, maana nimeshaanza. Tangu Serikali ihamie hapa V8, yale magari makubwa ya viongozi, zimekuwa nyingi, nami sina kinyongo na wageni, wamenunua zabibu zangu. Lakini inakuwaje mtu anayekimbia 120 kuwahi kikao aniwashie taa mchana kweupe, kana kwamba mimi ndiye niliyechelewesha maendeleo? Kibao cha 50 kimesimama pale kijijini, hakuna anayekisalimia. Kikiwepo kitochi cha trafiki cha kupimia mwendo ndiyo utaona adabu: madereva wanapeana ishara za taa kilomita mbili kabla, wote wanatambaa kama wako msibani, wakikipita tu wanafidia. Yaani wanapunguza mwendo kwa kuogopa faini, kwa kuogopa kuua hawapunguzi. Na nguvu ya gari haiongezeki kama wanavyodhani. Likitoka 50 likafika 100 nguvu yake ya kugonga haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Hili niliwaandikia ubaoni vijana kwa miaka 31. Baadhi yao sasa wana madereva.

Mtaniambia nitumie njia za waenda kwa miguu. Nazitumia. Huko ndani ya mji ukiingia na baiskeli unakuta vijana wanne wanatembea wamepangana kama ukuta, masikioni wameziba waya, unapiga kengele mpaka kidole kinauma. Ukiwaambia "samahani jamani" kwa sauti wanaruka, na wanarukia upande ule ule uliokusudia kupita. Hapo kosa naligawa. Mtembea kwa miguu ana haki ya kwanza pale, na baadhi yetu tunapita hapo kama tumeiba kitu. Nimeona pia wale wa mazoezi ya Jumamosi, wenye baiskeli za bei ya ng'ombe na nguo za kubana. Nawapenda, maana wamewafanya watu waamini kuwa baiskeli si umaskini. Ila juzi mmoja wao kwenye njia ya vilimani kule Ntyuka, ambapo hakuna gari wala upepo wa basi, alinijia nyuma kwa kasi akanifokea "Pisha mzee, pembeni!" Hata na wewe?

Na kuna jambo la malango ya ofisi. Mwezi uliopita nilikwenda kwenye ofisi moja ya umma hapa mjini kufuatilia karatasi zangu za pensheni. Mlinzi akanizuia. Baiskeli haiingii, ndani ni magari tu. Nikatazama ndani: magari yamejipumzisha chini ya turubai, kivuli safi, mengine hayajatoka hapo siku nyingi kwa vumbi nililoliona. Nikamwambia, mwanangu, baiskeli ni chombo cha usafiri, imo katika Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, mwaka ule ule TANU ilipoamua makao makuu yaje hapa. Tumekuwepo kwenye mpango tangu mwanzo. Akanijibu kwa heshima zote, "Baba, mimi nafuata maelekezo." Nikaifunga kwenye mwarobaini nje ya ukuta. Nilipotoka baiskeli ilikuwepo na pampu haikuwepo. Karatasi nazo wakasema nirudi Alhamisi.

Sijui nani ashike hili na simtaji mtu. Nilipokwenda kumtembelea mwanangu Kimara, Dar es Salaam, nilikuta kando ya barabara ya mwendokasi wametengeneza njia ya baiskeli hasa, nikafurahi kama mtoto aliyepewa kanzu ya Idi. Mbele kidogo pikipiki zimeegeshwa juu yake, mbele tena meza ya soksi na chaja. Kwa hiyo siombi njia ya rangi. Naomba mambo madogo. Kila tuta linapojengwa liachwe pengo la sentimita 60 upande wa kushoto, baiskeli ipite bila kumwaga mayai ya watu. Anayemwaga kokoto barabarani aandikiwe tarehe juu ya rundo kwa chokaa, likifika siku saba lizolewe lijengewe darasa. Kosta inayotaka kusimama isubiri nyuma yangu. Mimi siendi haraka hivyo; abiria mwenye kuku hatakimbia.

La mwisho ni la mwandishi wenu. Aje Mpunguzi Septemba, upepo ukiwa umekomaa. Nitamwazima baiskeli yangu, Phoenix. Breki ya nyuma inashika, ya mbele ni pambo. Nitamfungia ndoo mbili za lita 20 kwenye keria, nitazijaza maji, zabibu sihatarishi tena. Aondoke saa kumi na mbili asubuhi, na mimi nitamfuata kwa bodaboda nikiwa na daftari na kalamu nyekundu. Akifika Majengo bila kuingia barabarani ghafla hata mara moja, nitalipia kwa pensheni yangu tangazo la kuwaomba radhi, nusu ukurasa, na picha yangu iwepo.

Pampu aje na yake.

Mwalimu mstaafu,
Mpunguzi, Dodoma