Barua kwa mwanangu kuhusu nyuzi joto moja

Kibosho, Moshi

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, baba yako anaendelea na palizi, na migomba iliyo juu ya mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia, imeanza kuzaa. Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilolisema kwenye simu wiki iliyopita, kwamba habari za joto kuongezeka kwa nyuzi moja zinakuzwa mno, kwani huko Dar es Salaam joto hupanda nyuzi nyingi zaidi ya hiyo kati ya alfajiri na saa nane mchana na watu wanaendelea na kazi zao. Sikukujibu palepale kwa kuwa jambo hili halitoshi kwenye simu, nami nimelishika kwa mikono yangu kwa miaka 27.

Unakumbuka nilivyokuwa nikitoka nyumbani mapema kwenda kituo cha hali ya hewa, lakini sidhani kama niliwahi kukueleza nilichokuwa nikikifanya kule. Ndani ya uzio kulikuwa na kibanda cheupe cha mbao, kuta zake zikiwa za vibao vilivyolazwa mshazari ili upepo upite na jua lisiviguse vipimajoto. Saa tatu kamili asubuhi nilifungua mlango wake. Kipimajoto cha kupimia baridi ya usiku kilikuwa na spiriti, na ndani ya spiriti kulikuwa na kijiti chembamba cheusi: joto lilipokuwa likishuka, spiriti ilikivuta kijiti nyuma, na lilipoanza kupanda, spiriti ilikipita na kukiacha palepale, kwa hiyo asubuhi nilikuta alama ya baridi kubwa kuliko zote za usiku ule, ingawa hapakuwa na mtu aliyekesha kuitazama. Nilisoma hadi sehemu ya kumi ya nyuzi, nikaandika daftarini, kisha nikakiinamisha kipimajoto ili kijiti kirudi mahali pake. Kile cha joto la mchana kilikuwa cha zebaki, na hutikiswa kama kile cha zahanati.

Tuseme usiku umeshuka hadi nyuzi 12.4 na mchana umefika 22.8. Unajumlisha, unagawa kwa mbili, unapata wastani wa siku, nyuzi 17.6. Siku zinakupa wastani wa mwezi, miezi inakupa wastani wa mwaka, na miaka 30 ndiyo wataalamu wa hali ya hewa huihesabu kuwa kawaida ya mahali. Katika hesabu hiyo mchana mmoja mkali humezwa, hata mwaka mzima usio wa kawaida kama ule wa mvua za El Nino za 1997 na 1998 haubadilishi sana. Ili wastani wa mwaka upande kwa nyuzi moja, ni lazima jumla ya siku zote iongezeke kwa nyuzi 365, na ili kawaida ya miaka 30 ipande kiasi hicho, ni lazima ongezeko hilo lirudi mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana mchana wako wa Dar es Salaam haufai kulinganishwa nalo.

Mlimani kwetu nyuzi hiyo unaweza kuipima kwa miguu. Ukipanda mita 100, joto hupungua kwa takribani nyuzi 0.6, kwa hiyo ongezeko la nyuzi moja ni sawa na kukishusha kihamba chetu chote, yaani shamba la ukoo, pamoja na nyumba na makaburi ya babu zako, kiasi cha mita 170 kuelekea tambarare. Kahawa iliyoletwa Kilema na wamisionari mwaka 1898 ilikubali ukanda huu kwa sababu ya ubaridi wake. Mtu angeweza kusema basi tuihamishie juu, lakini juu yetu kuna msitu, na msitu huo ni hifadhi na ndio unaotupa maji ya mifongo.

Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba joto hili limetuingilia usiku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu kahawa ya arabika ya Tanzania ulionyesha kwamba baridi ya usiku ikipungua kwa nyuzi moja, mavuno hupungua kwa takribani kilo 137 kwa hekta kwa mwaka. Mchana mkali tunauona na kuulalamikia, bali usiku unaopoteza ubaridi wake hakuna anayeuona isipokuwa mbuni wenyewe na kile kijiti cheusi. Ruhuka naye, yule mdudu anayetoboa buni, hupenda joto, na amekuwa akipanda mlima kufuata mashamba ambayo zamani yalikuwa na baridi isiyomfaa. Sababu ya usiku kubadilika si ngumu kuielewa: ardhi iliyopata joto mchana huliachia juu usiku, na hewa iliyozidiwa na kabonidayoksaidi na mvuke huirudishia ardhi sehemu ya joto hilo.

Nakuomba jambo moja unapobishana na wenzako: usiifanye barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kuwa ushahidi wako wa kwanza. Ni kweli imepungua kutoka kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912 hadi chini ya 2, na inaniuma kila asubuhi mawingu yanapofunguka. Lakini kule juu wastani wa mwaka ni takribani nyuzi 7 chini ya sifuri, na watafiti wengi waliokaa kileleni wanasema ukame wa hewa na upungufu wa theluji ndivyo vilivyoila zaidi. Ushahidi wa joto utafute kwenye madaftari. Kule Kericho, Kenya, wataalamu walibishana kwa miaka kama nyanda za chai zimepata joto au la, mpaka waliporudi kwenye vipimo vya kila siku vya kituo, vya mwaka 1979 hadi 2009, na kuona ongezeko la karibu nyuzi 0.2 kwa kila muongo.

Nakala za madaftari yangu ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chetu, na karatasi za miaka ya mwanzo zimeanza kuliwa na mchwa. Utakapopanda nyumbani kwa Krismasi, njoo na kompyuta yako. Mimi nitakusomea tarakimu, wewe utaziingiza, tukianza na safu ya usiku.

Ni mimi mama yako akupendaye.