Kwa nini tunatoza shilingi 1,000 "kufuta programu tu", na kwa nini sitaki kubeti mtandaoni kupigwe marufuku

Wiki iliyopita nimesikia tena kwamba duka letu la ufundi wa simu na uwakala wa M-Pesa ni la wezi. Mteja mmoja wa hapa Kongowea, Mombasa, ameliambia baraza zima kuwa nilimtoza shilingi 1,000 kwa kufuta programu moja ya kubeti, kazi ambayo mpwa wake angeifanya bure. Si wa kwanza kusema hivyo. Simu za namna hii zimekuwa nyingi mezani kwangu, na karibu kila mwenye simu huondoka akinung'unikia bei. Basi acha nieleze kazi yenyewe, na nieleze pia programu hizo zinatoka wapi, kwa sababu ndiko hasira yangu iliko.

Simu ya bwana huyo ililetwa ikiwa moto kama pasi. Betri iliyojazwa alfajiri ilikuwa imekwisha saa nne. Lakini kilichonitia hofu ni jambo jingine: SMS za M-Pesa zilikuwa hazionekani. Akiweka pesa salio linabadilika, ujumbe hauoni. Fundi akisikia hivyo hangoji. Ujumbe unaingia, ila kuna kitu ndani ya simu kinausoma na kuufuta kabla mwenyewe hajauona. Nilichomoa laini hata kabla sijamuuliza jina.

Nikazima data, nikaingia kwenye setingi, sehemu ya ufikivu. Hapo palikuwa na kitu kinachojiita "Sasisho la Mfumo", kina alama ya gia kama cha kampuni ya simu, na kimepewa ruhusa ya kuona kila kilichopo kwenye skrini na kubonyeza kwa niaba ya mwenye simu. Kilikuwa kimejiandikisha pia kuwa msimamizi wa simu. Ukigusa neno "ondoa", skrini inakurudisha nyumbani. Ukigusa tena, inakurudisha tena. Mpwa angeishia hapo.

Kazi inaanzia hapo. Unaiwasha simu katika hali salama, unaivua ile programu usimamizi, unaiondoa, unakagua kama haikuacha mwenzake. Unanakili picha kando, moja moja zikikaguliwa, kwa sababu mteja huyu alikuwa na picha za mamake marehemu na hakuwa nazo popote pengine. Unahakikisha anakumbuka nywila yake ya Google. Ndipo unaifuta simu yote na kuipanga upya. Unapiga ##002# kuondoa uelekezaji wa simu kwenda namba nyingine. Mwisho kabisa, laini ikisharudi kwenye simu safi, anabadilisha PIN ya M-Pesa kupitia *334#, yeye mwenyewe, mimi nikiwa nimegeuka. Yote hayo huchukua muda wa saa tatu na nusu. Hiyo ndiyo shilingi 1,000, na sitaipunguza.

Wanaokimbia bei hiyo ndio wanaolipa zaidi. Mama mmoja muuza mitumba alishauriwa na mwanawe waifute simu kwa vibonye vya pembeni, wajiokolee pesa. Simu ikafutika kweli, kisha ikadai akaunti ya Google ambayo hakuna aliyeikumbuka. Wakaipeleka kwa kijana wa kando ya steji, akaiwekea faili ya mfumo isiyo ya modeli ile. IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, ikapotea, mtandao ukapotea. Iliponifikia ilikuwa inawasha tochi tu. Nilihangaika nayo siku mbili, akalipa shilingi 3,500, na namba za wateja wake wote wa jumla zikawa zimekwenda. Aliniambia, "Ami, ningejua ningekuja Jumatatu." Najua, mama. Ndiyo maana naandika.

Sasa, programu hizo zinatoka wapi? Huwa nauliza kila mteja, na jibu ni moja: kundi la Telegram, au rafiki aliyetumiwa na rafiki. Mwishoni mwa Aprili 2025, Bodi ya Kudhibiti Kamari iliposimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, mteja mmoja alinionyesha ujumbe uliosema kampuni zote zinafungwa, kwa hiyo pakua faili hii, hii haifungiki. Serikali ilisimamisha matangazo tu. Haikugusa kubeti kwenyewe. Lakini uvumi ulitosha kumfanya mtu mzima mwenye akili zake aruhusu faili asiyoijua iingie kwenye simu yenye pesa zake. Je, marufuku yenyewe ambayo wengine wanaidai ikija, itakuwaje?

Hatuhitaji kubahatisha, tulishaionja. Julai 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, SportPesa na Betin zikiwemo, na Safaricom ikaagizwa kuzima namba zao za paybill, zile ambazo mteja hulipia kwa M-Pesa. Septemba SportPesa ikafunga kazi zake Kenya, ikilalamikia ushuru wa asilimia 20 kwa kila dau. Gor Mahia na AFC Leopards zikabaki bila mdhamini. Hayo yaliandikwa magazetini. Yaliyotokea kwenye kaunta yangu hayakuandikwa.

Vijana wa mikokoteni walioacha kuja kwangu kuweka pesa za paybill ni wachache mno. Walichobadilisha ni mahali pa kutuma. Kulikuwa na "jamaa wa namba", mtu mwenye akaunti nje ya nchi, unamtumia pesa kwenye laini yake, anakuwekea mkeka, yaani orodha ya mechi unazobetia. Kijana mmoja anayesukuma vitunguu hapa sokoni alimtumia shilingi 2,000 Ijumaa. Jumapili mechi zote zikaingia. Jumatatu jamaa amezima simu. Kijana alikuja ameshika simu kwa mikono miwili, ananionyesha ule ujumbe wa kutuma, akidhani wakala anaweza kuurudisha. Tuliupeleka 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa zirudishwe, kama inavyotakiwa, lakini pesa zilikuwa zimeshatolewa. Angeenda kwa nani? Bodi ingemuuliza kampuni gani. Polisi wangemuuliza alikuwa akilipia nini.

Paybill, pamoja na ubaya wake wote, ina jina, ina leseni, ina taarifa ya M-Pesa unayoweza kuichapisha na kuiweka mezani kwa mtu. Laini ya mtu haina lolote kati ya hayo.

Uganda nao walijaribu kwa njia yao. Januari 2019 waziri David Bahati alitangaza kuwa Rais Museveni ameagiza leseni mpya za kubashiri zisitolewe na za zamani zisihuishwe. Leo nenda Kampala uone kama kampuni za kubashiri zimeisha.

Nijieleze hapa, kwa sababu najua mtakalosema. Mimi sibeti. Ni Muislamu, na kamari kwangu ni haramu. Wanangu wanajua, na vijana ninaowafundisha ufundi wanajua kuwa hapa dukani mkeka hausomwi kwa sauti. Imamu akiwaambia watu waache, niko naye. Lakini imamu anasema na moyo wa mtu, na serikali inazima paybill. Ukizima paybill bila kuuzima moyo, mtu anahamia kwenye faili ya Telegram, na faili hiyo haimli dau peke yake, inamla karo, kodi ya nyumba na pesa ya chama iliyokuwa kwenye laini hiyo hiyo.

Wengine watasema natetea kamisheni. Wakala halipwi kitu mteja anapotuma paybill. Analipwa senti chache mteja anapoweka pesa, awe analipia stima au dau. Na kama ni biashara, marufuku ingeninufaisha: simu moja chafu inaniingizia kuliko kuhudumia watu kwenye kaunta asubuhi nzima. Sizitaki pesa hizo. Kumwangalia mtu akitambua kuwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, imechukuliwa kwa jina lake usiku akiwa amelala, kisha umwambie na mimi nakudai 1,000, si kazi ya kufurahia.

Wanachoweza kufanya kinajulikana. Kitambulisho kikaguliwe kweli, si kuulizwa tu kama umefikisha miaka 18. Dau la siku liwe na kikomo. Matangazo yatoke kwenye redio saa za watoto kwenda shule. Wabane hapo, wabane sana.

Sisi tumejiwekea masharti yetu. Hatuweki faili ya kubeti kwenye simu ya mtu yeyote, hata akitoa mara mbili ya bei. Mwenye sare ya shule hatumwekei pesa ya dau. Kampuni zenye leseni zina mahali pa mteja kujifungia akaunti mwenyewe. Ukitaka kuacha, njoo tukae pamoja tukuonyeshe, na hiyo hatutozi. Na ukishikilia kubeti, tumia tovuti ya kampuni kupitia kivinjari. Huhitaji faili.

Kama umeshaipakua na simu inachemka au ujumbe wa M-Pesa hauonekani, usiifute mwenyewe na usibadilishe PIN ukiwa kwenye simu hiyo. Chomoa laini sasa hivi, iweke kwenye kabambe, simu ndogo ya vibonye, ya mtu unayemwamini, angalia salio na Fuliza. Tafuta nywila yako ya Google uiandike kwenye karatasi. Kisha ilete simu ikiwa imezimwa. Tunafungua saa mbili asubuhi, na ukifika kabla ya saa tatu utaichukua siku hiyo hiyo.